Siku Watakapokuhamishia Ndani

Magomeni,
Jumamosi, tarehe 7 Februari.

Mwanangu Rehema,

Naahidi kukuambia yote, hata yale ambayo ukishayasoma utanichukia kwa siku kadhaa. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema barua ndefu husameheka ikiwa ina jambo moja tu ndani yake. Jambo langu ni moja: mtu anajuaje kwamba wakati wa kuacha kazi umefika? Mimi sikujua. Ulipofika ulinipita, nikabaki nimesimama.

Sasa hivi uko kwa mama yako mdogo Asha, unasukwa. Begi lako lipo hapa karibu na kitanda, na jua bado halijazama, kwa hiyo nina muda. Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala nauli, wala wanaume wa Mwanza. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nakuandikia kwa sababu tukizungumza tunagombana, na kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kesho unakwenda kusimama mlangoni kwa Mama Glory. Duka ni jipya na mji ni mwingine, lakini kazi ni ileile niliyoifanya mimi. Nianze basi na jinsi nilivyoipata.

Nilikuwa na umri kama wako, namsaidia bibi yako kuuza viatu vya mitumba pale Mchikichini. Mama Glory alikuja kutafuta viatu vya shule vya wanawe. Hakunitazama usoni. Alinitazama kuanzia mabegani kwenda chini, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa kabla hajalipa.

"Hebu simama."

Nikasimama.

"Hebu geuka."

Nikageuka, kiatu kimoja kikiwa mkononi.

"Huyu binti yako anashinda hapa anauza nini?" akamuuliza bibi yako.

"Viatu. Si unaviona."

"Anaharibika bure. Nipe mimi."

Bibi yako akacheka. "Mchukue. Ila ukimchoka usiniletee ameshachakaa." Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba ninatakiwa, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kunitaka kwa sauti.

Duka lilikuwa fremu nyembamba pale Kariakoo, linauza magauni ya sendofu na ya kicheni pati, zile sherehe za kumuaga bi harusi. Nje palikuwa na midoli miwili ya plastiki, na katikati yao nikasimama mimi. Mama Glory alikuwa na msemo wake kwamba mdoli hauwezi kutembea, na mteja hanunui gauni, ananunua mwendo. Kila asubuhi nilichagua gauni kwenye henga, nikalivaa, nikaficha kibandiko cha bei mgongoni, nikaweka karatasi laini kwapani ili jasho lisifike kwenye kitambaa. Kukaa kulikatazwa, kwa sababu gauni linakunjika. Kula chochote chenye mchuzi kulikatazwa mpaka jioni. Akitokea mteja akalitaka lile nililovaa mimi, nilikwenda nyuma ya pazia nikalivua, naye akaondoka nalo likiwa bado na joto langu.

Sikuelezi haya ili unionee huruma. Nilikuwa na furaha. Wamachinga wa mtaa mzima walinijua. "Bi harusi!" walikuwa wakiniita, "bwana yuko wapi leo?" Nami nawajibu, "Yuko benki, anapanga foleni." Gauni nililovaa mimi halikulala dukani. Mama Glory mwenyewe alikuwa akiwaambia wenzake wa maduka ya jirani, "Huyu wangu hata ukimvika gunia litauzika." Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, nikayarudia kwa watu wa nyumbani kama salamu kutoka kwa mtu mkubwa.

Nilipokuzaa nilijifunga tumbo kwa kanga mpaka nikawa sipumui vizuri, nikarudi mlangoni kabla hawajanizoea kutokuwepo. Siku moja, ulikuwa umeanza kutembea, Asha alikuleta pale dukani kwa sababu ulikuwa na homa na ulikuwa ukinililia. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe la satini. Uliniona, ukaja mbio mikono umeinyoosha, kamasi zinakutoka. Nikakuzuia. Nilikuwekea kiganja kwenye paji la uso, nikakushikilia hapo, mbali na gauni, huku wewe ukitapatapa kunifikia. Asha aliniambia, "Mwanaidi, huyu ni mtoto, si mbwa." Nikamjibu, "Mtoe basi, nitakuja kumbeba jioni." Jioni ulikuwa umelala. Hukumbuki, nimewahi kukudadisi nikaona hukumbuki. Lakini paji lako la uso lilikuwa la moto sana, na mpaka leo nikikupima homa natumia mkono mwingine.

Nimeweka hilo hapa kwa sababu ndiyo siku ya kwanza niliyopaswa kuondoka. Sikuliona hivyo. Niliona tu kwamba gauni limenusurika.

Kisha akaja Sauda.

Sauda alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, mdomo wake hauna breki. Mama Glory alimleta asubuhi, akamvika lile gauni ambalo mimi nilikuwa nimeshalitoa kwenye henga, halafu akanigeukia kwa sauti laini kabisa. "Mwanaidi, wewe sasa ni mtu mzima. Mambo ya kusimama juani waachie watoto. Njoo ndani, ukae karibu na mimi."

Wewe hujafanya kazi Kariakoo, kwa hiyo lazima nikueleze tulivyokuwa tukifikiri. Kule dukani, wa nje ni wa kupita. Gauni likichanika, wa nje anafukuzwa. Wa ndani ndiye anayeshika droo ya pesa bosi akienda kuswali au kanisani, ndiye anayejua mzigo unaingia lini, ndiye anayeulizwa. Kila binti wa mlangoni anaota siku ya kuitwa ndani. Kwa hiyo nilipoitwa, nilidhani nimepandishwa cheo. Jioni hiyo nilipika pilau. Unakumbuka ile pilau? Uliuliza, "Kwani leo sikukuu?" Nikakuambia, "Mama yako siku hizi yupo ndani." Nikawatumia majirani sahani, na kila aliyepokea nilimwambia hivyohivyo, naye akasema hongera.

Ndani nilikunja magauni, nikafunga zipu za wateja, nikaokota pini sakafuni. Droo sikuwahi kuigusa. Mama Glory alikuwa nayo mapajani. Nikajiambia bado mapema, anipime kwanza.

Sauda aliliona kabla yangu. "Bibi harusi wa zamani, nipishe kwenye kioo," alikuwa akisema, na wateja wanacheka. Siku nyingine mama mmoja alishindwa kufunga zipu, Sauda akamwambia, "Usijali mama, hata ya dada Mwanaidi zamani ilikuwa inafunga." Mama Glory alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka. Ukijikuta unacheka jambo ambalo ukifika nyumbani utalilia, andika siku hiyo mahali.

Baadaye duka likakua, akachukua chumba cha juu kuwa stoo, akanipandisha huko. Ngazi ya chuma, hakuna dirisha, feni moja inayoguna kama mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea maboksi, kupiga pasi ya mvuke, na kusafisha magauni yaliyovaliwa mlangoni, kutoa poda shingoni na rangi ya mdomo. Yaani nilikuwa namsafishia Sauda jasho. Lakini Mama Glory alinipa ufunguo akaniambia, "Stoo ndiyo roho ya duka, na roho nimekukabidhi wewe." Nikauvaa shingoni. Rehema, niliuvaa juu ya nguo, uonekane.

Nilikaa huko juu wakati wewe ukiwa sekondari. Ulipokuwa ukiniuliza mbona miguu inavimba, nilisema ni ngazi. Ulipoomba nije kwenye kikao cha wazazi, nilisema mzigo unaingia. Na kila ulipokasirika nilikujibu kwamba nabaki pale kwa ajili yako. Hiyo haikuwa kweli. Ungeweza kula na kusoma kwa kazi nyingine yoyote ambayo ningeifanya. Bibi yako alitulea wote kwa viatu vya mitumba. Nilibaki kwa sababu sikuwa na mahali pengine duniani ambapo mtu angekumbuka kwamba niliwahi kuwa mzuri.

Halafu hata hapo pakanishinda. Alikuja mteja, mama mmoja kutoka Ilala ambaye nilimvisha gauni la sendofu yake. Sasa alikuja kutafuta la mdogo wake. Nilikuwa juu, mlango wa stoo wazi kwa sababu ya joto, namsikia kila neno.

"Yule dada yenu mrefu yuko wapi? Yule wa mlangoni, aliyekuwa anatembea vizuri?"

"Nani, Mwanaidi?" Mama Glory akasema. "Huyo alishaondoka zamani sana."

"Jamani! Alikwenda wapi?"

"Hata sijui. Si unajua hawa wasichana."

Hakuwa na hasira wala ubaya. Alijibu kama mtu anayeulizwa habari za gauni lililokwisha. Angeweza kuniita, ngazi ni fupi. Nikasimama na pasi mkononi, mvuke unanipiga usoni, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshaacha kazi zamani, ila mimi peke yangu ndiye sikuambiwa.

Utasema hapo niliondoka. Hapana. Nilimaliza kupiga pasi, nikafunga stoo, na kesho yake niliwahi kuliko siku zote. Ndiyo maana siwaamini watu wanaosema kuna siku utaamka na utajua. Nilijua. Kujua hakukunifanya kitu. Niliendelea kwenda na kujua huko kama mtu anavyokwenda kazini na jino bovu.

Sasa nifike mahali ambapo wewe unaingia.

Mama Glory alipanda juu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake kwa sababu ya magoti. Akakaa juu ya boksi.

"Binti yako amefika wapi siku hizi?"

"Amemaliza kidato cha nne, yupo nyumbani."

"Ana urefu wako?"

"Amenizidi."

Akatabasamu. "Nafungua Mwanza, na mlango wa kule sina mtu." Akanyanyuka, akapitisha mkono kwenye magauni, akachomoa lile la rangi ya divai. "Mpelekee ajaribu. Kama linamkaa, mlete nimwone."

Nililichukua, nikaja nalo nyumbani kwenye mfuko. Ukalivaa. Ukatoka chumbani umeshika nywele juu kwa mkono mmoja, na kabla sijafikiri nilisikia sauti ikisema, "Hebu geuka." Ilikuwa yangu. Ukageuka. Nilikuwa nikikutazama kuanzia mabegani kwenda chini, natafuta kasoro.

Asubuhi nilirudisha gauni na ufunguo, nikaviweka juu ya kaunta.

"Halimkai?" akauliza.

"Linamkaa. Mimi naacha kazi."

"Kwa sababu ya gauni?"

Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo bila kutengeneza hata sentensi moja ya kuondokea.

"Umechoka tu," akasema. "Kapumzike, njoo Jumatatu."

"Jumatatu siji."

Ndipo akacheka, si kwa dharau, kwa mshangao. "Utakwenda wapi, Mwanaidi? Nani anachukua mtu wa stoo wa umri wako?"

Alikuwa anasema kweli. Nilizunguka Kariakoo yote, nikaingia kila duka la magauni, na kila nilikoingia walitazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na binti. Hakuna aliyenichukua. Ndiyo maana leo unaniona nimerudi Mchikichini, kwenye meza ileile ya bibi yako, nauza magauni ya mitumba yaliyotundikwa kwenye waya bila mtu ndani yake. Kwa hiyo usinitaje popote kama mwanamke shujaa. Niliacha kazi siku mbaya, kwa hasira, bila mpango, nikiwa nimeshapoteza kila kitu ambacho kingefanya kuondoka kuwe na faida. Kama ningeondoka siku ile ya satini, ningekuwa na miguu yangu na wewe ungekuwa na mama.

Wewe mwenyewe uliniambia hivyo, tena kwa maneno mabaya zaidi. Nilipokuja kugundua kwamba umempigia Mama Glory bila kunishirikisha, ulisimama hapo mbele ya Asha ukasema, "Mama, wewe hukuacha kazi. Kazi ndiyo ilikuacha, ukachelewa kupata taarifa." Asha akakukemea. Mimi sikukukemea, kwa sababu nilikuwa nikifikiri jinsi ulivyolisema vizuri.

Halafu ukaongeza, kwa kunikomesha, "Na Mama Glory kaniambia hajawahi kupata mtu wa mlangoni kama wewe. Kasema kama nitafikia nusu yako inatosha."

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda uani kuanua nguo, na nilipokuwa nikizianua niligundua kwamba ninatabasamu. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hiyo. Inaweza kukutupa jalalani, na ikikusifu kutoka barabarani unainua kichwa.

Sikukatazi kwenda. Umeshakata tiketi, na umri wako hauniombi ruhusa. Tena najua utafurahia. Utasimama mlangoni na Mwanza nzima itapita ikikutazama, utapendeza, nami nitakuwa huku na wivu kidogo, na hilo pia nimeahidi kukuambia. Sikuambii uondoke mwezi wa ngapi wala mwaka wa ngapi. Sijui. Nimekaa darasani sasa tangu mwaka jana, mimi na vijana walioshindwa mtihani, tunajifunza kuandika insha yenye mwanzo na mwisho, na mwisho ndio unaonisumbua kuliko vyote. Mwalimu ananiandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umeshamaliza hapa, mbona unaendelea?" Lakini mwezi uliopita hakuandika kitu. Aliweka alama ya vema tu. Mwaka huu nitafanya mtihani wa kidato cha pili, na nina matumaini, nakuambia wewe tu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Wiki iliyopita Sauda alikuja kwenye meza yangu Mchikichini. Sikumtambua mara moja. Amenenepa, amepata mtoto wa pili, macho yamechoka.

"Dada Mwanaidi! Mambo?"

"Poa. Za kwa bosi?"

"Nzuri mno." Akasogea karibu, akashusha sauti kama anayetoa siri ya sherehe. "Siku hizi nipo ndani. Kaniambia sisi watu wazima mambo ya juani tuwaachie watoto."

Alikuwa ananing'alia kabisa, Rehema. Alikuwa amekuja kutoka Kariakoo kwa miguu ili anipe habari hizo mimi, kwa sababu mimi ndiye ningejua thamani yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa mchele na kuku, anakwenda kupika.

Ningeweza kumwambia. Maneno yote haya niliyokuandikia leo yalikuwa mdomoni, yamepangwa. Nilimtazama, nikakumbuka kioo, nikakumbuka zipu.

Nikamwambia, "Hongera."

Akanikumbatia. Akaenda zake ameshiba furaha, nami nikaendelea kutundika magauni, na nililala vizuri usiku huo. Ukatili wa namna hiyo unafanywa na watu wanaotabasamu, na wengi ni watu wanaotupenda. Kati ya majirani waliopokea ile pilau yangu walikuwepo waliojua. Bibi yako alijua. Alikula, akasema imeiva vizuri.

Siku yako itafika. Utanipigia simu jioni, sauti imepanda, nitasikia vyombo nyuma yako, na utaniambia, "Mama, wamenihamishia ndani." Nikikuambia ukweli utasema nina wivu, utakata simu, huenda nisikusikie mwaka mzima. Nikinyamaza, tutaendelea kupendana vizuri mpaka utakapofika juu ya ngazi. Nimejaribu kuamua mwenyewe nimeshindwa, na si haki niamue peke yangu, maana maisha ni yako.

Habari za kufika salama utanipa kwa simu. Hili nijibu kwa barua, kwa mwandiko wako, mapema kabla mlango haujakunogea, ili siku hiyo nikushikilie kwa neno lako mwenyewe: utakaponiambia upo ndani, unataka nikuambie ukweli, au unataka nikupe hongera?

Mama yako,
Mwanaidi.